Dada Aliyekaa Wiki Kumi na Moja Bila Komunyo

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Saa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, akiwa kifungua mimba katika watoto watatu. Alipomaliza shule ya msingi, baba mdogo alimfundisha kutengeneza saa, na kwa miaka arobaini alikaa kwenye kibanda chake cha kioo, lenzi jichoni. Paroko alipomlalamikia kwamba saa yake inakimbia, alimjibu, "Padre, saa ni nzima. Mahubiri ndiyo marefu."

Alifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981 na dereva wa lori, wakajaliwa binti mmoja. Mumewe alifariki mwaka 1993; binti akaolewa mbali. Tangu hapo alizoea kupika chakula cha mtu mmoja.

Mwaka 2004 aliteuliwa kuwa mhudumu wa Komunyo. Kila Jumapili baada ya misa aliwapelekea wagonjwa Ekaristi kwa miguu, na njiani hakuzungumza na mtu.

Machi 2023 aliomba kupumzika utumishi. Akawa anakaa benchi la nyuma, na wakati wa Komunyo hainuki. Maneno yakaanza: ana lake jambo, dhambi asiyotaka kuiungama. Hakuna aliyemwuliza. Hata mimi mdogo wake niliyaamini, nikapunguza kumtembelea.

Wiki ya kumi na moja nilikwenda kwake.

"Dada, umefanya nini mpaka hupokei?"

"Sijafanya kitu. Haishuki," alisema, akishika koo. "Hata maji nayameza kwa shida. Naogopa kuitema Hostia mbele za watu."

"Si ungesema?"

"Ungekuja, ningesema."

Madaktari walikuta saratani ya koo. Paroko alipopata habari alikuja na Damu ya Kristo kwenye kichupa, kwa kuwa mgonjwa asiyeweza kumeza mkate huruhusiwa kupokea kwa divai peke yake. Alimpa matone machache kwa kijiko. Yakashuka. Dada alilia bila sauti, kisha akatuomba tusiondoke upesi. Tulikaa hadi jioni.

Aliendelea kupokea hivyo kila Jumapili hadi alipofariki nyumbani, tarehe 9 Agosti 2023. Nilikuwa chumbani.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili, wadogo zake wawili, na wagonjwa sita aliowahudumia, ambao msiba huu umewakuta vitandani.

Bwana amlaze penye utulivu, wala asimwache peke yake.