Kosa Aliloomba Liandikwe

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa kompyuta wa chuo chetu cha ufundi atarudisha funguo za karakana namba nne na kustaafu, baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na minne. Kwenye jalada lake la ajira ana majina matatu kamili. Sisi na wanafunzi wote tunamwita Mzee Bisibisi, kwa sababu ya bisibisi ndogo yenye mpini mwekundu anayoichomeka kwenye mfuko wa shati, hata siku za harusi.

Kamati ya kumuaga imeniteua mimi, mhazili wa ofisi ya mkuu wa chuo, niandike wasifu huu. Mwenyewe aliposikia, alikuja ofisini kwangu na ombi moja tu. Mengine niandike nitakavyo, alisema, ila kosa lile liandikwe, kwani wasifu usio na kosa ni wa mtu mwingine. Wafanyakazi wageni hawalijui kosa hilo. Wenyeji wanalijua, na wanajua kwamba lilinipata mimi, na kwamba kwa miaka kumi na minne hawajanisikia hata siku moja nikisema nimemsamehe. Basi nitaliandika, mahali pake.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, kazi yake kutengeneza taipureta. Zilikuwa thelathini na moja katika darasa la uhazili, na kelele zake zilifika hadi jikoni. Alizijua moja moja kwa mlio. Aliweza kupita dirishani na kikombe cha chai mkononi, asigeuze hata shingo, akasema ile ya mstari wa pili herufi R inakwama. Mimi nilijifunzia kuchapa kwenye hiyo hiyo, kwa hiyo nimemfahamu tangu nikiwa mwanafunzi mwenye vidole vya wino.

Taipureta zilipopelekwa stoo, wengi tulidhani naye atafuata njia hiyo. Chuo kilipewa kompyuta arobaini zilizokwisha kutumika. Hazikumaliza miaka miwili: zilijaa virusi, zikawa nzito, na kila asubuhi zikawa zinatuonya kwamba leseni ya mfumo wake imekwisha. Kikao kikaamua ziuzwe kwa bei ya vyuma chakavu. Mzee Bisibisi, ambaye hakuwa hata mjumbe wa kikao hicho, alibisha hodi akaomba wiki mbili na kompyuta moja.

Kwa asiyejua, kompyuta bila mfumo endeshi ni sanduku lenye taa. Mfumo tuliokuwa nao ulikuwa wa kulipia. Yeye alikuwa amesoma kwamba upo mwingine, uitwao Linux, ulioandikwa na watu wa kila pembe na kutolewa bure, na kwamba yeyote anaruhusiwa kuufungua ndani, kuusoma, kuurekebisha na kumpa jirani. Hilo la kufungua ndani ndilo lililomvutia. Maisha yake yote hajawahi kukiamini kitu kisicho na skrubu.

Alisoma maelekezo kwa kamusi, mstari kwa mstari. Siku ya kwanza kompyuta haikuitambua flashi yake kabisa. Siku ya pili akagundua kwamba hakuwa ameiambia ianzie kwenye flashi badala ya kwenye diski. Siku ya tisa alituita sote, na wapishi wakaja na miiko mikononi. Alituonyesha kwamba mfumo huo unaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo ndani ya mashine. Kisha akachagua kuusimika: lugha, kibodi, diski, jina la mtumiaji, nywila. Baada ya dakika arobaini alichomoa flashi, akawasha upya, na ile kompyuta ya chuma chakavu ikaandika barua. Ilikuwa barua ya kwenda kwa mkuu wa chuo, kuomba nyingine thelathini na tisa.

Alipewa, na hapo ndipo lilipotokea lile la saa. Mzee Bisibisi aliona si haki mtu afike kazini saa moja asubuhi halafu kompyuta imwambie ni saa saba, kwa hiyo alizirudisha saa za mashine zote nyuma kwa saa sita. Tulifurahi mno. Wiki tatu baadaye makao makuu yalimwandikia mkuu wa chuo kumpongeza kwa moyo wa kujituma, maana barua pepe zake zote zilionyesha kwamba anaziandika saa tisa usiku. Mkuu alizitunza pongezi hizo, lakini saa zikarekebishwa.

Sasa nalifikia lenyewe.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Alipoambiwa kwamba atafanyiwa upasuaji wa koo na sauti haitarudi, alikuwa na binti wa mwaka mmoja. Jumamosi tatu mfululizo alikuja ofisini kwangu, ambako palikuwa kimya, tukairekodi sauti yake kwenye kompyuta. Alimsomea mwanawe hadithi, akamtajia shangazi na wajomba mmoja mmoja na tabia zao, akaeleza namna ya kumsuka mtoto nywele bila kumliza. Mahali fulani alicheka mpaka akasahau alichokuwa akisema. Sauti ilikwenda kama madaktari walivyosema, na kabla mwaka haujaisha mwenyewe naye akaifuata. Binti nikamchukua mimi. Rekodi zilibaki kwenye ile kompyuta, na kila wiki nilijiambia kwamba wiki ijayo nitazinakili. Ajizi ni nyumba ya njaa.

Nikiwa likizo, zamu ya kompyuta yangu ikafika. Agizo lilikuwa kwamba mfumo mpya uwekwe kando ya ule wa zamani, na kilichomo kibaki. Mzee Bisibisi alinakili nyaraka za ofisi alizoziona. Hakujua kama kuna vingine kwenye sehemu ya pili ya diski, wala hakupiga simu kuuliza. Kuna ukurasa mmoja katika usimikaji ambapo mashine huuliza: mfumo huu ukae kando ya uliopo, au diski ifutwe yote? Asubuhi hiyo alikuwa ameshasimika mashine sita za darasani zisizo na kitu, na zote sita alijibu ifutwe. Ya saba ilikuwa yangu. Mazoea yana taabu, na mkono ukatangulia macho.

Aligundua mara tu ilipowaka. Mwalimu mmoja, kwa nia njema, alimshauri aseme kwamba diski imekufa. Diski hufa kila siku, na hakuna ambaye angejua. Jumatatu niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni kwangu. “Dada, mashine yako haikuharibika,” alisema. “Nimeifuta mimi.”

Nilimuuliza kama anajua kilichokuwamo. Hakujua. Nikamwambia. Alikaa kwenye benchi la wageni hadi kengele ya mchana, na watu waliokuja kumwona mkuu wa chuo wakawa wanaketi nyuma yake wakidhani ni foleni.

Aliing'oa diski ile ili isiandikwe tena kitu juu yake, na kwa wiki kumi na moja alijaribu kila programu ya kufufua mafaili aliyoweza kuipata. Yalirudi mafaili mia mbili na kumi na manne: ratiba za usafi, orodha za wasimamizi wa mitihani, mihtasari ya vikao ambayo hakuna aliyewahi kuiulizia. Sauti, hata moja haikurudi. Aliniletea taarifa ya ukurasa mmoja, ameiandika kwa mkono, na mwisho wake alisema ameshindwa na ananiomba radhi. Nilimjibu “haya”. Kila mtu anajua kwamba haya si samahani.

Kuanzia hapo alibadilika namna ya kufanya kazi, na wengi mnaosoma hapa mmemfahamu hivyo tu. Mkimpelekea kompyuta, haigusi kwanza. Anawaketisha, anafungua daftari lenye jalada gumu, anauliza: humu ndani kuna nini ambacho hutaki kipotee? Anaandika jibu, anakusomea, unasaini. Ananakili mara mbili, anakufungulia nakala mbele ya macho yako, picha ionekane na wimbo usikike, anakukabidhi moja mkononi. Ndipo anapoanza. Mmelalamika sana kwamba anachelewesha. Mlinzi wetu wa getini alijibu hana kitu, akasaini, akafika nusu ya njia, akarudi mbio. Alikuwa amekumbuka picha pekee ya baba yake. Kwa utaratibu huo Mzee Bisibisi amesimika mfumo huria kwenye kompyuta elfu moja mia moja na sitini na mbili, za chuo, za zahanati, za shule za jirani na za watu binafsi, na hakuna aliyepoteza hata herufi.

Miaka tisa iliyopita, wakaguzi walipokuwa wanakuja, nilitumwa kupitia rejista zote za karakana na kuzigonga mhuri. Hapo ndipo nilipolishika daftari lake kwa mara ya kwanza. Mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza una namba ya ofisi yangu na tarehe ninayoijua. Kwenye safu ya jibu la mwenye mashine ameandika: Sikumuuliza. Saini ni yake.

Kinyongo kilinitoka pale pale, mhuri ukiwa mkononi. Nililia kidogo, nikagonga mhuri, nikalirudisha daftari kwa mkono wa tarishi. Sikumwambia mwenyewe. Siku hiyo nilijipa sababu ya wakaguzi. Baadaye sikuwa na sababu. Nilikuwa nimeshazoea kusalimiwa kwa upole na kuachiwa njia kwenye ukumbi. Wahenga wametuasa kwamba mwenye kovu tusidhani kapoa. Mimi nilikuwa nimepoa, nikaendelea kulionyesha kovu.

Hasara yenyewe iko pale pale, wala sitaipamba. Binti wa mdogo wangu sasa ana miaka kumi na sita. Akiniuliza sauti ya mama yake ilikuwaje, namwigizia, na naigiza vibaya. Juzi nilimsomea rasimu ya wasifu huu hadi hapa. Aliniuliza kwa nini mzee wa watu amekaa muda wote huo bila kuambiwa.

Mzee Bisibisi anaondoka akiwa na afya njema. Mkewe, fundi cherehani, amemtengea meza kwenye kibaraza cha duka lake, kwa sharti kwamba mashine za kushona asizifungue bila ruhusa. Tunamshukuru kwa mashine alizozinusuru, kwa mafundi aliowafunza, na kwa kuturudishia subira tuliyokuwa tumeipoteza. Tunaishukuru pia familia yake iliyotuazima kwa miaka thelathini na minne.

Kaka, uliomba kosa lako liandikwe, na nimeliandika. Naomba na langu likae kwenye ukurasa huu huu: nilikusamehe miaka tisa iliyopita, nikakuacha ubebe mzigo ambao mimi nilishautua. Ilikuwa juu yangu kukuambia, na ofisi zetu zinatenganishwa na milango minne tu. Chuo kizima kinakutakia maisha mema. Mimi nakutakia mepesi.