Mzee Pasi na Goli Ambalo Halikuwa Lake (1938–2024)

Mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu la Pasi, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1938, katika nyumba namba saba ya safu za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mbadilisha njia za treni, na mama yake alifua na kunyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na ukuta mmoja ulitikisika kila treni ya mizigo ilipopita.

Alianza shule ya msingi mwaka 1946 na kumaliza darasa la nane mwaka 1953. Alizaliwa akitumia mkono wa kushoto. Mwalimu wa darasa la kwanza hakulikubali jambo hilo, akamchapa rula mpaka mkono wa kulia ukajifunza kuandika. Marehemu hakumlaumu. Alisema tu kwamba mguu wa kushoto hakuna aliyeugusa, na huo ndio uliokuja kumlisha.

Januari 1956 aliajiriwa katika idara ya kufulia ya hospitali kuu. Kilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji, mapipa ya maji ya moto upande mmoja na meza za kunyooshea upande wa pili, na mvuke uliofanya watu waongee bila kuonana. Huko ndiko alikopewa jina la Pasi, kwa sababu ya kazi. Jioni alikwenda uwanjani kucheza winga wa kushoto, na wenzake wa uwanjani nao wakamwita Pasi, kwa sababu nyingine kabisa. Mipira aliyotoa ilifika miguuni mwa mtu kama imebebwa kwenye sinia.

Tarehe 2 Januari 1962, klabu yake iliandikisha wachezaji kumi na wanne kwa mkataba wa kulipwa. Kabla ya hapo watu walicheza baada ya kazi, kwa soda na makofi. Sahihi ziliwekwa kwenye stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, juu ya kasha la misumari. Marehemu alikuwa wa tisa kusaini, ila idara ya kufulia hakuiacha. Wa kumi alikuwa rafiki yake, mshambuliaji wa kati, fundi viatu ambaye ndiye aliyewashonea wote kumi na wanne viatu vya kuchezea. Walicheza kwenye kiwanja cha changarawe. Hakukuwa na mchezaji wa akiba. Ukiumia, unasogezwa pembeni ukachechemee huko mpaka filimbi ya mwisho.

Fainali ya kwanza ya ligi ya kulipwa ilichezwa Jumamosi tarehe 17 Oktoba 1964. Klabu yake ilishinda goli moja kwa sifuri. Gazeti la Jumatatu liliandika kwamba mfungaji ni Pasi.

Alifunga ndoa tarehe 5 Juni 1965 na muuguzi wa wodi namba tano. Walijuana kwa mashuka. Yeye aliyapeleka wodini, muuguzi akayapokea na kuyahesabu. Siku moja muuguzi akamwambia, "Kaka, haya umeyakunja kama barua." Akajibu, "Basi fungua usome." Baba mkwe hakuchekeshwa kirahisi hivyo. Siku ya kujitambulisha alimuuliza, "Kijana, unafanya kazi gani?" Akasema, "Nacheza mpira, mzee." Baba mkwe akatikisa kichwa. "Hilo nimelisikia. Nauliza kazi." Ilibidi itajwe idara ya kufulia ndipo mazungumzo yakaendelea.

Goti lake la kushoto lilivunjika Aprili 1968, na mkataba ukaishia hapo. Wiki sita baadaye alirudi kwenye mvuke, akafanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1993 akiwa msimamizi wa idara. Kwa miaka hiyo yote hakuwa mtu wa kusimulia mpira. Watoto wake wanne walijua kwamba baba alicheza zamani, kama wanavyojua watoto kwamba baba aliwahi kuwa mwembamba.

Mwaka 2021 chama cha soka kilitangaza Ukumbi wa Heshima wa wachezaji, kikatoa majina ishirini ya kwanza. Binti yake mkubwa, karani wa mahakama, alimsomea orodha mezani. Aliyetangulia wote kwa umri alikuwa ameanza kucheza mwaka 1979.

"Wazuri hao," marehemu alisema. "Huyo wa nne nilimwona. Alikuwa mkali."

"Na nyinyi mlioanza?"

"Sisi tulicheza zamani, mwanangu."

Binti hakuridhika. Aliandika barua, akajibiwa kwamba ligi ya miaka ile haikuwa na daftari la magoli, ilikuwa na timu nane tu, na kiwango chake hakipimiki. Akaandika tena. Alisema kwamba hao ishirini wasingepata mkataba kama kumi na wanne wasingeukubali kwanza, walipokuwa wanaonekana wahuni walioacha kazi za maana. Hatimaye kamati ikafungua mlango kidogo. Mchezaji wa kabla ya daftari angefikiriwa, ikiwa kuna maandishi ya wakati huo yanayoonyesha mchango wake katika mechi kubwa. Binti alitafuta maktabani kwa miezi saba. Alipata mkataba, picha moja ya kikosi, na lile gazeti la Jumatatu.

Kamati iliwaita Jumatano tarehe 14 Septemba 2022, ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa mbovu, na marehemu, akiwa na miaka themanini na minne, alipanda kwa ngazi akipumzika kila kona. Ndani walikuwamo watu watatu, meza ndefu na feni. Mwenyekiti alisoma gazeti kwa sauti, akatabasamu.

"Mzee, hili linatosha. Tunataka tu utuelezee ulivyofunga, tuandike."

Marehemu aliomba kulishika gazeti. Alikuwa hajawahi kulisoma. Siku ile ya Jumatatu mwaka 1964 alikuwa kazini. Alilisoma taratibu, akalirudisha.

"Si mimi," alisema.

"Si wewe nini, mzee?"

"Aliyefunga si mimi. Mimi nilikimbia na mpira pembeni, nikapiga krosi. Aliyefunga ni fundi viatu, kwa kichwa. Mwandishi alikaa upande wa jua, na sote tulikuwa na vumbi mpaka kwenye kope."

Binti yake alimgusa mkono. "Baba, subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Mwenzangu alikufa mwaka themanini na saba akiamini watu wanajua."

Katibu wa kamati, mwanamke aliyekuwa akiandika, aliuliza kama yuko tayari kuyaweka hayo kwenye maandishi. Alisema yuko tayari. Akaandika kurasa mbili kwa mkono wa kulia, akasaini. Binti alimshika mkono wakashuka ngazi mpaka ghorofa ya kwanza. Hapo akasema, "Miezi saba, baba." Marehemu akajibu, "Najua. Pole, mama." Alizoea kumwita hivyo anapojua amemkosea.

Binti alikasirika siku kadhaa, lakini ni yeye aliyetambua kilichokuwa kimetokea. Mahakamani, shahidi anayesema jambo la kujiumiza mwenyewe huaminiwa kuliko anayejipendelea. Kamati nayo iliona hivyo. Maelezo ya kurasa mbili yakapokelewa kama ushahidi, na fundi viatu akapitishwa kwa kura zote, wa kwanza kutoka miaka ile. Marehemu hakupitishwa. Barua ilieleza kwamba kanuni zinataja magoli na vikombe alivyotwaa mchezaji akiwa nahodha. Pasi hazimo.

Sherehe ilifanyika Jumamosi tarehe 26 Novemba 2022. Mjukuu wa fundi viatu, mwalimu wa sekondari ambaye hakuwahi kumwona babu yake, alipokea ngao. Marehemu aliketi mstari wa nne akiwa na koti la kijivu, akapiga makofi. Hakutajwa jukwaani. Baadaye mjukuu alimfuata, na marehemu, akiwa amekaa vilevile kwenye kiti, akamwonyesha kwa mikono miwili jinsi babu yake alivyoruka, alivyogeuza shingo, na mpira ulivyopita. Mjukuu alimwomba arudie. Akarudia.

Njiani kurudi nyumbani alimwambia binti yake, "Ningependa na mimi waniite." Alisema mara moja tu. Hakuwahi kulirudia, na binti ndiye aliyeomba liandikwe hapa, kwa sababu watu wamekuwa wakisema mzee hakujali. Alijali.

Tarehe 3 Februari 2024 alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia. Alilazwa katika hospitali aliyoifanyia kazi. Siku ya pili, ulimi ukiwa bado mzito, neno la kwanza lililoeleweka lilikuwa malalamiko juu ya jinsi shuka lilivyokunjwa. Wauguzi walilikunja upya mbele yake. Aliruhusiwa kurudi nyumbani mwezi Machi, akaanza kula kwa mkono wa kushoto, bila rula ya mtu yeyote. Mwezi huohuo binti alipokea jibu la barua yake ya sita, ya kuomba pasi nazo zihesabiwe: suala la kanuni litaangaliwa kikao kijacho. Alimsomea. Akasema, "Vizuri. Ila wasiniangalie mimi peke yangu."

Kiharusi cha pili kilimpata asubuhi ya Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, akiwa amekaa kitandani akifungwa vifungo vya shati na mkewe. Alifariki saa nne kasorobo. Kikao cha kamati kilikuwa bado hakijafanyika wakati wasifu huu unapelekwa kwa mpiga chapa.

Marehemu ameacha mke, muuguzi mstaafu. Watoto wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja. Wajukuu kumi na mmoja na vitukuu watano. Na dada mmoja, kitinda mimba wa nyumba namba saba. Ameacha pia, kati ya wale kumi na wanne, mtu mmoja aliye hai. Ni beki wa kulia, ana miaka tisini, na ameketi hapa mbele akiwa na kofia nyeusi. Anasikia vizuri kwa sikio la kushoto. Familia inaomba kwamba yeyote mwenye swali, na hasa mwenye kalamu, akakae naye kabla hajaondoka leo.

Mzee wetu amemaliza mwendo wake. Tunamwombea pumziko lenye amani.