Mguu wa Kapteni Mihayo

Kabla sijafungua mdomo, apa. Sema, "Nikitoboa, ulimi univimbe." Umeapa? Na mimi niliapa hivyohivyo mbele ya Odeta, nikashika na kitenge changu, kwamba habari ya mguu wa Mihayo nitazikwa nayo. Nimejitahidi sana. Nimekaa nayo tangu asubuhi.

Kijiwe chetu kiko Kirumba, ukiteremka kuelekea soko la Mwaloni, banda la mabati na mabenchi mawili, na mimi katikati na birika langu la kahawa. Wenye kijiwe ni watatu. Daktari, jina lake Nathaniel, aliwahi kulinda geti la hospitali. Nshomile, yaani msomi, ni Rugemalira, Mhaya, hawezi kukuitikia salamu bila kukueleza ilikotoka. Na Winchi, Kashindye huyo, anabeba magunia pale sokoni. Wote wamo kwenye kikundi cha mazoezi cha mtaa, na wote walipanda ule mlima wa mawe kule Misungwi, unaoitwa Bega la Fisi, siku ile ya mvua. Kapteni wao, Mihayo, ndiye aliyesema mvua ni ya watoto, twendeni. Nusu ya mlima kapteni chini, analia mguu umevunjika. Wakamviringisha kwenye turubai wakamshusha. Ikasemwa Odeta, muuza samaki wa kukaanga, aliyekuwa mbele yake, ndiye aliyekanyaga jiwe likamporomokea. Na kikundi kina sheria yake: aliyemwangusha mwenzake atamlisha mpaka asimame. Basi Odeta anampikia asubuhi na jioni, na bado Jumapili kikundi kinakaa kumfukuza. Jana jioni mabishano yalikuwa hayohayo.

DAKTARI: Narudia. Mfupa kwenye mvua hauvunjiki, unalowana. Ukishalowana unapinda. Nimeona mengi pale getini.

WINCHI: Acha mfupa, lile tope! Lilishika kiatu changu, nikavuta, likavuta. Haba na haba hujaza kibaba.

NSHOMILE: Methali hiyo imeingiaje hapo?

WINCHI: Kiatu kilijaa.

NSHOMILE: Tufikiri kama watu waliokaa darasani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe. Maana yake nini? Hakujisikia.

DAKTARI: Kweli, asubuhi ile alisema hajisikii vizuri.

NSHOMILE: Umeona!

WINCHI: Nyie hamjui milima. Mlima una wenyewe. Ule hautaki watu waliovaa sare, unadhani ni jeshi. Sisi tumetoka na fulana za njano, wote. Mlima ukajitetea.

Nikamuuliza: "Ukajitetea kwa mguu wa Odeta?"

WINCHI: Bibi, mlima hauna mguu wake. Unaazima.

DAKTARI: Hilo la kuazima nalikubali. Ila jiwe lile halikuwa jiwe. Mimi nililiona likipumua.

WINCHI: Kobe?

DAKTARI: Sikusema kobe. Nimesema lilipumua.

NSHOMILE: Mnachezea vitu vidogo. Mihayo alikuwa na hamu sana ya kilele. Mtu akiwa na hamu, mguu hutangulia. Mguu wake ulifika juu, mwili ukabaki. Kwa hiyo tulichoshusha kwenye turubai ni Mihayo pungufu. Mguu bado uko Misungwi.

DAKTARI: Unakula nini huko?

NSHOMILE: Ndiyo maana huku anakula kwa niaba yake.

Hapo Odeta akatokea na hotipoti mkononi, miguu imejaa tope la ziwani mpaka magotini, anapandisha kwa Mihayo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umempikia nini?"

"Sato wa kuchemsha na ndizi. Jana alisema wa kukaanga anamchoma mguu."

Watu wakatikisa vichwa kumhurumia mgonjwa. Odeta akawatazama mmoja mmoja.

"Kaka zangu, lile jiwe sikulikanyaga. Nikisema hivyo mnaniambia sina utu, kwa hiyo nimenyamaza, napika. Lakini kikundi hiki ndicho kilichonizikia mama yangu. Mkinitoa, mimi atanizika nani? Jumapili mtanyoosha mikono?"

Kila mtu akakuta kuna kitu cha kuangalia ndani ya kikombe chake.

DAKTARI: Dada Odeta, maji yakimwagika hayazoleki.

ODETA: Nani kamwaga maji, kaka?

DAKTARI: Mvua.

Sasa pembeni ya Nshomile alikuwa amekaa shemeji yake, Kokushubira, mama mtu mzima ametoka Bukoba kuwasalimia. Tangu afike alikuwa anasikiliza tu, anapuliza kahawa yake taratibu. Akaweka kikombe chini.

"Poleni sana na mgonjwa," akasema. "Ni mguu upi?"

DAKTARI: Wa kulia.

WINCHI: Wa kushoto.

Wakatazamana.

DAKTARI: Winchi, si wewe uliyebeba upande wa miguu?

WINCHI: Nilibeba turubai. Miguu ilikuwa ndani. Wewe daktari je, hukuuangalia?

DAKTARI: Mlinzi wa geti haangalii miguu, anaangalia sura.

Kokushubira akamgeukia Odeta. "Na wewe mwanangu, unayempelekea chakula?"

"Namkuta amejifunika blanketi, mama. Kuanzia shingoni."

NSHOMILE: Shemeji, swali hilo limekaa vibaya.

"Likaeje, shemeji?"

Nshomile akafungua mdomo, na mimi nakwambia, tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza kuuona umefunguka ukafungwa bila kitu kutoka. Mara tukaisikia mvua inakuja kutoka ziwani, na visiwa vikafutika kimoja kimoja. Mtaa mzima ukapiga kelele: "Dagaa! Dagaa!" Maana Kirumba kila jiwe lina dagaa wa mtu, na dagaa akilowa ni chakula cha bata.

Nyumba ya Mihayo iko juu yetu, pale kwenye majabali, na dagaa wake walikuwa wametandazwa juu ya jabali lile kubwa. Sijui nani alimwanikia. Ila aliyekuja kuwaanua tulimwona.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Akatoka Mihayo na kaptula na beseni. Akaruka jabali la kwanza. Akaruka la pili. La tatu lina utelezi, hata mbuzi hulizunguka. Akalipita kwa kukimbia. Akachuchumaa, akakusanya dagaa kwa mikono miwili, akajaza beseni, akajitwika kichwani, akainuka nalo bila kujishika popote.

Ndipo akageuka.

Tulikuwa tumesimama wote. Na majirani nao, na mabeseni yao, mvua inawanyeshea na hakuna anayekwenda ndani. Odeta akainua hotipoti juu aione vizuri.

"Kaka Mihayo," akamwita, kwa sauti ya upole kabisa, "nikuletee, au utashuka kuifuata?"

Mihayo akauangalia mguu wa kulia. Akauangalia wa kushoto. Akasimama vilevile na beseni lake kichwani, maji yakimtiririka usoni, mtu mzima, hajui achechemee upi.