Mama Klipu na Mpira wa Breki Alioukata

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye spana mkononi aiweke chini kidogo, mwenye sufuria jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka fundi wa magari aliyetutoka wiki hii, yule mama ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Klipu.

Marehemu alikuwa fundi wa breki. Breki tu. Ukimpelekea injini, anakuelekeza kwa jirani. Klipu ni kile kidude cha chuma kinachoishika paipu ya breki isicheze, na mama huyu alikuwa na vidude hivyo kila mahali: mfukoni, kwenye mkoba wa kutokea, hata kwenye kopo la sukari. Dada yake anasema siku moja nusura akikoroge kimoja kwenye chai. Wateja wakimlalamikia kwamba anachelewesha, aliwaambia gari likikataa kuwaka utachelewa tu, lakini likikataa kusimama tutakuja kwenu kulia.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Kijana alirithi mikono ya mama, subira akaiacha. Alinunua gari dogo kuukuu, akaling'oa ekseli ya nyuma, ule mhimili unaoshika magurudumu, akaweka ya pikapu, pana na nzito, apate kushindana kwenye mbio za mlimani. Mtaa mzima ulikuwa unajivunia gari lile. Lakini paipu za breki zilikosa pa kushikwa kwenye ekseli mpya, basi kijana akazifunga kwa waya. Waya, wasikilizaji! Ule wa kufungia nondo za ujenzi.

Mama akaona. Akamwambia alinyanyue gari kwa jeki, magurudumu yaning'inie, kisha auangalie mpira wa breki unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye ekseli. Kijana alikuwa ameupima gari likiwa limesimama chini, na hapo ulionekana unatosha. Magurudumu yaliponing'inia, ukakazika kama kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi bichi. Maana yake ni kwamba gari likiruka kidogo tu, mpira unavutwa, na ukikatika hakuna breki. Mama akataka uwekwe mrefu zaidi, vishikizo vichomelewe, paipu zishikwe kwa klipu. Mbio zilikuwa kesho yake. Kijana akasema atafanya hayo akirudi.

"Ukirudi," mama akasema, akaondoka zake.

Kesho yake watu wamejaa pande zote za barabara, vijana wamevaa fulana zenye picha ya gari. Mara mama huyo, na gauni lake jeupe la kuendea harusini. Watu wakapiga makofi, wakidhani amekuja kumtakia mwanawe heri. Heri gani! Mama alilala chini, akajivuta uvunguni mwa gari akiwa na mkasi wa kukatia bati mkononi, akaukata mpira wa breki. Alipotoka, gauni zima oili. Akamtazama mwanawe mbele ya umati ule wote.

"Haya. Sasa kimbia."

Hakukimbia. Jioni ile alihama nyumbani, na kwa miaka hakusema na mama yake. Narudia, wasikilizaji: miaka. Na msidhani mama hakuumia. Aliumia sana. Dada yake anasema kila akisikia gari linalonguruma kama lile, alitoka uvunguni alikokuwa akifanya kazi, akachungulia barabarani, kisha akarudi kazini.

Ndugu wakakaa kikao. Wakamsihi aombe radhi, yaishe. Wakasema, na hapa hawakukosea, kwamba hakuna ajuaye kama mpira ule ungekatika. Pengine ungeshika. Pengine kijana angeshinda. Mama akawasikiliza wote mpaka mwisho, kisha akawaambia anachokijutia ni gauni.

Alipougua mwaka huu, kijana alirudi. Leo amekuja hapa studio kabla ya kipindi, na ovaroli lake, maana siku hizi naye ni fundi. Anasema alikaa kando ya kitanda akamuuliza mama lile swali alilolibeba muda wote huo: ulijuaje kwamba mpira ungekatika?

"Sikujua," mama akamjibu. "Na sikutaka kujua."

Basi. Kijana alicheka, kicheko kikageuka kilio, na tangu siku hiyo hakubanduka pale. Alimlisha, alimgeuza, wakabishana kuhusu magari ya watu mpaka mwisho.

Wasikilizaji wapendwa, leo kabla hamjalala, mkumbukeni mtu aliyewahi kuwazuia kwa nguvu mkamnunia. Mmepata nafasi ya kumnunia kwa sababu mko hai. Tafakarini hilo, na kama anapatikana, mpigieni simu.

Kwa familia yote ya marehemu, kwa dada yake, kwa mafundi wenzake, poleni sana. Kaka wa marehemu naye alinipigia asubuhi, akaniomba nitangaze kwamba marehemu alimtaka kijana radhi kabla ya kufariki, ili watu waache kumsema. Pole nyingi kwako, kaka yangu, ila sitatangaza. Nilimuuliza kijana, mwenye mama, hapo mlangoni, akitoka. Alinijibu hivi:

"Sema hakuniomba radhi. Na asitokee mtu wa kuiomba kwa niaba yake."