Mwalimu Leodgar na Shairi la Kijerumani

Tarehe 30 Novemba 2007 Mwalimu Leodgar Mapunda anastaafu, baada ya miaka kumi na mitatu ya kufundisha kwaya ya kituo chetu cha jamii hapa mtaani Bertrams. Alifika Johannesburg mwaka 1994 na mkewe, Nomsa, aliyekuwa akirejea kwao baada ya miaka ya uhamishoni Tanzania. Nomsa alikuwa anarudi nyumbani; Mwalimu alikuwa anaondoka kwao. Hatujamsikia akilalamika, isipokuwa kuhusu baridi ya Julai.

Kwaya yake ina Wakongo, Watanzania, Warundi na wenyeji. Mwaka 2001 ilialikwa kuimba na okestra ya mjini ile simfonia maarufu inayomalizika kwa shairi la Kijerumani kuhusu furaha. Mwalimu alijifunza Kijerumani kwa mapadri Wajerumani kule Songea. Miezi ile alitembea barabarani akikariri, hadi mwenye spaza, kile kiduka cha jirani, akamuuliza anasali dini gani. Alitutafsiria kila mstari, maana hakutaka tuimbe kama kasuku.

Wiki mbili kabla ya onyesho, Placide, mwimbaji wetu wa besi aliyekuwa mlinzi mtaani Hillbrow, alipigwa na vijana waliomwambia arudi kwao. Walimvunja mguu. Katika mazoezi yaliyofuata, mkewe Denise alinyamaza katikati ya wimbo, akasimama.

"Mwalimu, hapa tunasema watu wote ni ndugu. Ndugu gani? Mimi uongo siimbi."

Mwalimu alifunga kinanda. Alikuwa ameiota siku ya okestra tangu ujana wake, na sote tulijua.

"Denise ana haki," alisema. "Twendeni kwanza tukamwone mwenzetu."

Onyesho likaimbwa na kwaya nyingine.

Placide alipoanza kutembea kwa mkongojo, aliogopa kurudi kazini. Mwalimu akawa anampitia kila jioni na kumsindikiza hadi mlangoni mwa jengo alilokuwa akililinda. Nomsa alitangulia mbele, akisalimia kila kundi la vijana kwa Kizulu na kuwaambia, "Huyu ni mdogo wangu." Baadaye waimbaji wenyeji nao wakaanza kupokezana zamu. Hakuna aliyemgusa tena.

Mwaka uliofuata Denise, aliyekuwa ameacha kuja, aliingia mazoezini bila kuitwa, akauliza, "Tunaanzia wapi?" Tukaliimba shairi lile katika ukumbi wetu, kwa kinanda tu, Placide akiwa ameketi safu ya nyuma, mguu ameunyoosha. Waimbaji wa soprano hawakuifikia ile noti ya juu. Mwalimu alilia mbele za watu, kisha akasingizia mafua.

Mwalimu, asante kwa kutusikiliza kabla ya kutuimbisha. Sasa unakwenda kupumzika mtaani Kensington, pamoja na wajukuu wanaoelewa Kiswahili chako lakini wanakujibu Kizulu. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na miaka mingi ya kuzeeka pamoja na Nomsa. Wala usituage sana. Kensington si mbali, tutakuja.