Kinyozi Aliyesubiri Kuitwa

Kaka yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama alituambia kwamba hakulia mpaka mkunga alipomfinya. Tangu hapo hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi mdogo wake wa kike nilijitolea kusema kwa niaba yake. Ndiyo maana leo nimesimama hapa.

Alimaliza sekondari mwaka 1970, akiwa na hakika kwamba Mungu amemwita awe mchungaji. Mwaka 1972 aliingia chuo cha Biblia, na baba akamshonea suti nyeusi iliyomzidi mabega. Mwaka wa pili alipelekwa kuhubiri kwa mara ya kwanza. Alipanda mimbarani, akafungua Biblia, maneno yakamkauka. Waumini walidhani anawaongoza katika maombi ya kimya, wakainamisha vichwa. Baada ya muda mrefu bibi mmoja akasema "Amina", naye akashuka. Mlangoni watu walimshika mkono wakimwambia ibada imewagusa sana. Wenzake chuoni wakampa jina la Mchungaji Kimya, likamganda hadi juzi.

Wiki iliyofuata alirudi nyumbani na sanduku lake. Baba hakufoka. Alimuuliza tu, "Mwanangu, Mungu hakukuita, au alikuita ukakosea njia?" Swali hilo lilimkaa rohoni miaka mingi.

Alijifunza kunyoa kwa mjomba wetu, "ili mikono isikae bure wakati nasubiri", na Februari 1975 akafungua kibanda chake karibu na soko: kiti kimoja, kioo chenye ufa, na benchi la wateja. Kinyozi asiyepiga soga ni adimu. Watu walikaa kwenye kile kiti wakamwaga ya moyoni, naye akawa anaguna tu na kuendelea na mkasi.

Tarehe 18 Desemba 1978 alifunga ndoa na wifi yangu, mwalimu wa chekechea. Mwaka 1983 mkwewe alilazwa, marehemu akaenda wodini kumnyoa ndevu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Na mimi je, fundi? Mbona nimebaki kama beberu?" Akamnyoa na yeye. Tangu siku ile, kila Jumatatu alifunga kibanda akaenda kunyoa wagonjwa. Wengine walifariki bila kunyolewa tena na mtu mwingine. Wifi akimuuliza amewaambia nini wale watu, alijibu, "Nimewaambia wageuze shavu."

Hata hivyo, kila mwaka mpya alipiga magoti kumuuliza Mungu amemwitia nini. Mimi nilimwambia aache kumchosha Mungu. Alicheka, lakini iliniuma, kwa sababu nilijua hatanii.

Agosti 2024 figo zilianza kumsumbua, na mwanzoni mwa mwaka huu akalazwa katika wodi ile ile. Jumatatu ya mwisho binti yake mkubwa, aliyerithi kiti, alimnyoa taratibu. Alipokuwa anafuta wembe, sauti ikatoka kitanda cha jirani: "Na mimi je?" Binti akamtazama baba yake. Baba akamwashiria kwa kidevu aende.

Alimtazama akinyoa, kisha akanigeukia. "Mdogo wangu, lile swali la baba nimelijibu."

"Umelijibuje?"

"Sikukosea njia. Niliitwa na yule wa kitanda cha pili, nikaitika. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nasubiri kuitwa mara ya pili."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, usingizini, akiwa na kidevu safi. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na mimi msemaji wake. Jumatatu kibanda kitafungwa kama kawaida, kwa kuwa binti yake atakuwa wodini.

Mungu ampumzishe kwa amani Mchungaji Kimya. Tulimsikia.