Kisanduku cha Philippe na Sufuria ya Maharage

Kalembe, mbele ya duka la Philippe, kuna ubao juu ya matofali, na Fifi na birika lake la kahawa. Hapo ndipo wanapokaa waheshimiwa wasio na haraka. Philippe, waliyembatiza Ingénieur, alinunua Goma kisanduku cha kusema: kinawasha taa za sola, na saa ikifika kinatangaza kazi za nyumbani kwa sauti aliyoirekodi mwenyewe. Saa tano kitangaze: toa maharage. Siku mbili mfululizo kilitangaza saa sita, maharage yakaungua. Leo mkewe Kasoki amekwenda kumpokea mama yake, ambaye hajawahi kukanyaga nyumba hiyo, akaacha sufuria motoni na neno moja: "Wewe na kaboîte kako, mulinde." Philippe aliogopa, ila majivuno yalimzidi.

— Saa tano imepita, Ingénieur, akasema Météo, mkulima anayetabiri mvua na kukosea. Enda utoe sufuria.

— Nikitoa mimi, itazoea uvivu! Leo niliiweka kwa dirisha, ione jua.

— Haiko jua, ni milima. Ile saa inatoka Goma, inapanda Masisi kwa miguu. Wewe ungefika lini?

— Haraka haraka haina baraka, akatetea Avocat, fundi cherehani.

— Baraka gani, na maharage inawaka? akauliza Météo.

— Ile mashini iko mukatoliki, akaendelea Avocat. Inangojaka kengele ya Angélus, ile ya saa sita, njo iseme.

— Basi haba na haba hujaza kibaba, akacheka Météo. Leo inachelewa saa moja, kesho mbili. Noëli itatuambia kwa Pasaka!

— Mi naona inaogopaka Kasoki, akasema Fifi.

— Kasoki hayuko! akasema Philippe.

— Njo maana inamungojea.

Pikipiki ikasimama. Mama mkwe, Mama Joséphine-Marie, akashuka na vumbi lake lote, Kasoki nyuma yake. Philippe akavua kofia, akampisha kwenye ubao, akajieleza mpaka jasho likamtoka.

— Mukwe, inachelewa saa moja kila siku?

— Kila siku, Mama. Haizidi, haipunguke.

— Sasa, ulipoinunua, uliiambia inaishi wapi?

Météo akatazama milima. Philippe alikumbuka. Kisanduku kiliuliza mji. Kalembe haikuwemo, akaruka Lubumbashi, ambayo saa yake ndiyo yetu, akachagua Kinshasa ili kiwe na adabu ya mji mkuu. Huko saa tano inafika wakati sisi tuko saa sita. Akanyoosha kikombe, Fifi akapindua birika, halina kitu.

Kengele ya Angélus ikalia. Harufu ya kuungua ilikuwa imeshafika kwenye ubao wakati sauti ya Philippe mwenyewe ilipotoka dirishani, kwa madaha yote:

— Kasoki, saa tano. Toa maharage.

Mama mkwe akafunga vizuri kikwembe chake.

— Bon. Kama kwenu iko saa tano tu, tuko na wakati wa kupika ingine. Mukwe, kamata kisu, muhogo iko wapi?